Anayeiba vitani afungwe, asitozwe tu

Mwezi Oktoba 2003, jijini Baghdad, watu wa kampuni ya Custer Battles walikutana na maofisa wa Mamlaka ya Muda ya Muungano, chombo ambacho Marekani ilikiweka kuitawala Iraq baada ya kumng'oa Saddam Hussein. Kikao kilipokwisha, wageni waliondoka na kusahau karatasi mezani. Ilikuwa hesabu ya kazi moja: kusaidia zoezi la kubadilisha dinari za zamani kwa noti mpya. Upande mmoja ulionyesha fedha ambazo kampuni ilitumia, karibu dola milioni 3.7. Upande wa pili ulionyesha fedha ilizokuwa ikidai, karibu dola milioni 9.8. Wakaguzi wa hesabu huhangaika miaka kuitafuta karatasi ya namna hiyo. Hii ilijileta yenyewe.

Wahenga walisema vita vya panzi furaha ya kunguru. Tabia ya kunguru inajulikana tangu zamani na haina haja ya safu nzima. Kinachohitaji kuchambuliwa ni tabia ya sheria: kwa nini kunguru akikamatwa na panzi mdomoni, shauri huishia kwenye ubishi wa panzi alikuwa wa nani? Hoja yangu ni kwamba udanganyifu wa mkandarasi, wakati wa vita na wakati wa ujenzi unaofuata, uwe kosa la jinai linalomfuata mtu popote alipolitenda, fedha ziwe zimetoka mfuko upi. Faini na fidia zimejaribiwa, na rekodi ya Iraq inaonyesha zilipoishia.

Tuangalie kwanza mchezo wenyewe ulivyochezwa. Mkataba ule wa dinari ulikuwa wa aina ambayo mkandarasi hurudishiwa gharama zake zote, kisha huongezewa asilimia 25 kwa ajili ya uendeshaji na faida. Mikataba hii hupendwa vitani kwa sababu hakuna anayeweza kukadiria bei ya kusafirisha kontena katika barabara ambayo kesho inaweza kulipuliwa. Kasoro yake inajulikana na kila afisa ununuzi: gharama zikipanda, faida nayo inapanda. Mkandarasi asiye mwaminifu hana sababu ya kubana matumizi, na ana kila sababu ya kuyanenepesha.

Kwa mujibu wa madai na ushahidi uliofika mahakamani, Custer Battles ilitumia kampuni za mfukoni, nyingine zikiwa zimesajiliwa visiwa vya Cayman na Lebanon. Kampuni hizo ziliikodisha malori na vifaa kwa bei za kubuni, na bei hizo zikaingia kwenye ankara kana kwamba ni gharama halisi. Ilidaiwa pia kuwa mashine za kunyanyulia mizigo zilizoachwa uwanjani na Shirika la Ndege la Iraq zilipakwa rangi upya, kisha Mamlaka ikatozwa fedha za kuzikodi. Jenerali mstaafu wa Marekani aliyesimamia zoezi la noti alieleza kwamba kati ya malori 36 yaliyoletwa, 34 hayakufanya kazi.

Machi 2006 juri ya mahakama ya shirikisho huko Alexandria, Virginia, iliamua kwamba kampuni iliwasilisha madai ya uongo, na ikatakiwa kulipa takriban dola milioni 10. Lakini jaji alikuwa ameshaikata kesi miguu. Aliagiza kwamba zihesabiwe dola milioni 3 tu, kwa kuwa ni hizo zilizotambulika kuwa za Marekani. Nyingine zilikuwa za Iraq. Agosti mwaka huo huo akaifuta hata hukumu iliyobaki, akisema haikuthibitishwa kwamba ankara ziliwasilishwa kwa serikali ya Marekani, maana Mamlaka ya Muda haikuthibitishwa kuwa chombo chake. Mahakama ya rufaa ilitengua uamuzi huo mwaka 2009, zaidi ya miaka mitano baada ya ile karatasi kuokotwa. Na hiyo yote ilikuwa kesi ya madai, iliyofunguliwa na watu binafsi waliokuwa wakiijua kampuni kwa ndani. Wizara ya Sheria ya Marekani ilikataa kuungana nao.

Fedha hizo zilizoitwa za Iraq zilitoka wapi? Zilitokana na mafuta. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilianzisha Mfuko wa Maendeleo wa Iraq mwaka 2003, na Mamlaka ya Muda ikakabidhiwa kuusimamia kwa manufaa ya Wairaki. Noti za dola zilipakiwa kwenye ndege za kijeshi kutoka Benki Kuu ya Marekani tawi la New York. Kamati ya Bunge la Marekani ilipofuatilia suala hilo mwaka 2007, ilikuta kwamba karibu dola bilioni 12 taslimu zilisafirishwa hivyo, mzigo wa tani 363. Januari 2005 Mkaguzi Maalumu wa Ujenzi wa Iraq, Stuart Bowen, alikuwa ameshatoa ripoti kwamba dola bilioni 8.8 za mfuko huo zilipelekwa katika wizara za Iraq bila udhibiti wa kutosha.

Mwiraki aliyeibiwa mafuta yake angeweza kwenda mahakama za kwao? Hapana. Amri Na. 17 ya Mamlaka ya Muda iliwakinga wakandarasi wa kigeni dhidi ya mahakama za Iraq kwa mambo waliyoyafanya katika kutekeleza mikataba yao, na kinga hiyo ilidumu hadi mkataba mpya wa Iraq na Marekani ulipoanza kutumika Januari 2009. Kwa hiyo Baghdad mkandarasi hashtakiki kwa sababu ya kinga, na Virginia hashikiki kwa sababu fedha si za Virginia. Katikati ya mahakama hizo mbili palikuwa na uwanja mpana, na kampuni zisizo na haya zilijenga makazi humo.

Sisemi kwamba hakuna aliyefungwa. Huko Hillah, kusini mwa Baghdad, Robert Stein alikuwa mtunza fedha wa Mamlaka ya Muda wa eneo hilo, ingawa alikuwa na hatia ya nyuma ya udanganyifu kabla ya kuajiriwa. Yeye na wenzake walimpa mfanyabiashara Philip Bloom kandarasi za zaidi ya dola milioni 8.6, naye akawalipa kwa fedha taslimu, magari na vito. Stein alihukumiwa kifungo cha miaka 9 mwaka 2007, Bloom miezi 46. Meja John Cockerham wa Jeshi la Marekani, aliyekusanya mlungula wa zaidi ya dola milioni 9 akigawa kandarasi nchini Kuwait, alifungwa miaka 17 na nusu mwaka 2009.

Ukiwatazama hao utaona wanafanana. Ni maofisa na wafanyabiashara wadogo waliopokezana bahasha. Rushwa ya mkononi ni kosa rahisi kulithibitisha: kuna mtoaji, kuna mpokeaji, kuna fedha benki. Kampuni kubwa haihitaji bahasha. Ina wanasheria, ina wahasibu, na ina mkataba unaoiruhusu kudai gharama. Wizi wake hukaa ndani ya ankara, na ukigunduliwa huitwa tofauti ya tafsiri ya mkataba, kisha pande mbili hukaa mezani na kukubaliana kiasi cha kurudisha. Anayelipa ni kampuni, na mtu aliyetia saini ankara hubaki na kazi yake.

Kesi moja inatuhusu sisi Waafrika Mashariki moja kwa moja. Katika miaka ile maelfu ya vijana wa Uganda walikwenda Iraq kulinda kambi za Marekani wakiwa chini ya kampuni binafsi. Mwaka 2009 kampuni ya Triple Canopy ilipewa kandarasi ya kulinda kambi ya anga ya Al Asad, mkoani Anbar, na ikapeleka walinzi wapatao 330 kutoka Uganda. Mkataba ulidai kila mlinzi awe amefaulu mtihani wa kulenga shabaha. Serikali ya Marekani ilidai mahakamani kwamba walinzi hao walipofika walishindwa mtihani, na wasimamizi wakaamua kujaza kadi za matokeo ya uongo kuonyesha wamefaulu. Kadi zikawekwa kwenye mafaili, ankara zikapelekwa kila mwezi, malipo yakatoka.

Aliyefichua alikuwa mfanyakazi wa kampuni hiyo hiyo. Mahakama ya kwanza iliitupa kesi, kwa hoja kwamba ankara zenyewe hazikuandika uongo wowote: zilitaja idadi ya walinzi na saa walizofanya kazi, na walinzi walikuwapo. Ilibidi mahakama ya rufaa iseme, mwaka 2015 na tena mwaka 2017, kwamba mtu anayelipisha ulinzi huku akijua mlinzi hawezi kulenga anasema nusu ya ukweli, na nusu hiyo ni uongo. Oktoba 2017 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 2.6 kumaliza shauri, bila kukiri kosa. Mkataba wenyewe ulikuwa wa takriban dola milioni 10.

Fikiri kuhusu kijana wa Kampala au Mbarara aliyewekwa kwenye lango la kambi, katika mkoa ambao miaka michache nyuma ulikuwa na mapigano makali kuliko karibu yote ya Iraq, akiwa na bunduki ambayo mwajiri wake alijua hajaimudu. Kama madai ya serikali yalikuwa ya kweli, basi aliyedanganywa hakuwa mlipakodi wa Marekani peke yake. Kijana huyo naye aliuzwa kama bidhaa iliyochakachuliwa, na roho yake ilikuwa rehani. Makubaliano ya dola milioni 2.6 yanamrudishia mlipakodi sehemu ya fedha zake. Kwa yule mlinzi na kwa wanajeshi waliolala nyuma ya lango lake, hayasemi lolote.

Sheria iliyotumika katika kesi za Custer Battles na Triple Canopy ina umri mkubwa. Rais Abraham Lincoln aliitia saini Machi 1863, wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, baada ya wakandarasi kuliuzia jeshi sare za vitambaa vya makapi vilivyochanika upesi na wanyama wasiofaa kazi. Ubunifu wake ulikuwa kumruhusu raia kushtaki kwa niaba ya serikali na kupata mgawo wa kilichookolewa, ambao tangu marekebisho ya 1986 ni kati ya asilimia 15 na 30. Ni sheria nzuri, na imerudisha fedha nyingi. Lakini sehemu yake iliyotumika katika kesi hizo ni ya madai. Inauliza hasara ni kiasi gani, inaizidisha mara tatu, na inafunga faili. Mwenye kampuni mwenye akili za biashara ataichukulia kama gharama nyingine: akijua kwamba katika ankara kumi mbovu itakamatwa moja, na hiyo moja itaishia kwenye makubaliano, hesabu yake inamwambia aendelee.

Seneta Patrick Leahy wa Vermont aliliona pengo hili mapema. Mwaka 2003, Bunge la Marekani lilipokuwa likijadili muswada wa dola bilioni 87 za Iraq na Afghanistan, alipendekeza kifungu cha kufanya udanganyifu na ulanguzi wa vita kuwa kosa la jinai. Seneti ilikubali, kifungu kikanyofolewa wakati mabaraza mawili yanaoanisha maandiko yao. Mwaka 2007 alirudi tena. Muswada ulitaka kifungo cha hadi miaka 20 kwa anayelaghai katika kandarasi zinazohusiana na vita au ujenzi ng'ambo, na ulieleza wazi kwamba mahakama za Marekani zingekuwa na mamlaka hata kama kosa limetendwa nje ya nchi. Oktoba 2007 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa namna hiyo kwa kura 375 dhidi ya 3. Ukafia Seneti.

Waliopinga walisema sheria zilizopo zinatosha. Kuna sheria ya 1988 inayotoa kifungo cha hadi miaka 10 kwa udanganyifu mkubwa katika kandarasi za dola milioni moja na zaidi. Ni kweli ipo, ila isome vizuri: kosa lake ni kuilaghai serikali ya Marekani. Tunarudi pale pale kwenye swali la fedha ni za nani, swali lililoiangusha kesi ya Custer Battles. Sheria mpya ilikuwa na kazi moja ambayo za zamani hazikuiweza: kumtazama mdanganyifu na kitendo chake, badala ya kuanzia kwa mwenye mfuko.

Kuna pingamizi zito zaidi, na linastahili jibu la uangalifu. Nani ataamua faida ipi ni halali na ipi ni ulanguzi? Vitani kila kitu ni ghali. Dereva anayekubali kupita njia yenye mabomu anastahili malipo makubwa. Tanzania ina somo lake katika hili. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi ilikumbwa na uhaba mkali, na mwaka 1983 serikali, Waziri Mkuu akiwa Edward Moringe Sokoine, iliendesha msako wa walanguzi na wahujumu uchumi. Sheria maalumu iliyotungwa iliwarudia hata waliokamatwa kabla haijapitishwa, ikanyima dhamana, ikawazuia mawakili. Wananchi wengi walifurahia msako ule, na hasira yao ilikuwa ya haki. Lakini wavu ulikuwa na matundu madogo mno: mwenye ghala la magendo na mwenye duka aliyeficha katoni chache za sabuni walijikuta ndani pamoja. Mwaka uliofuata sheria ile ilifutwa, na nyingine ikarudisha kesi hizo Mahakama Kuu.

Funzo ninalolitoa hapo ni kwamba bei kubwa peke yake isiwe kosa. Kosa liwe uongo: kuandika gharama ambayo haikutumika, kudai malipo ya kazi ambayo haikufanyika, kukodisha mali isiyo yako, kujaza cheti cha mtihani ambao mtu hakuufaulu, na kufanya hivyo kwa kujua. Hata uzembe usichanganywe na wizi. Kampuni ya Parsons ilipewa kazi ya kujenga vituo vya afya vya msingi 150 nchini Iraq, idadi ikapunguzwa kuwa 142. Hadi mwaka 2006, baada ya karibu dola milioni 186 kutumika, vituo 6 tu vilikuwa vimekamilika. Katika Chuo cha Polisi cha Baghdad, wakaguzi wa Bowen walikuta maji machafu yakivuja kutoka vyooni na kudondokea vyumba vya chini. Hayo ni maafa ya usimamizi, ya usalama na ya mikataba iliyoandikwa vibaya. Dawa yake ni kuvunja mkataba, kudai fidia na kuinyima kampuni zabuni nyingine. Jela tuiachie wale waliojua wanadanganya. Tukichanganya mambo haya mawili, tutawatisha wakandarasi waaminifu wakimbie, na wapigaji watabaki peke yao uwanjani.

Jinai ina faida nyingine ambayo haizungumzwi vya kutosha, nayo ni muda. Udanganyifu wa vitani hugundulika vita vikishapoa, mafaili yakishakusanywa na mashahidi wakisharudi makwao. Marekani ina sheria ya mwaka 1942 inayosimamisha ukomo wa muda wa mashtaka wakati taifa liko vitani. Mwaka 2015, katika shauri la ankara za kazi za usafishaji maji lililoihusu kampuni ya KBR, Mahakama ya Juu iliamua kwamba nafuu hiyo ni ya makosa ya jinai pekee. Kesi ya madai inaendelea kuhesabiwa siku zake. Maana yake ni kwamba njia ya madai, ambayo ndiyo imekuwa ikitegemewa, ndiyo inayokimbizwa na saa.

Hata hivyo sheria bila mtu wa kuisema ni karatasi. Bunnatine Greenhouse alikuwa mkuu wa mikataba katika Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Marekani. Mwaka 2003 aliletewa mkataba wa dharura wa kukarabati visima na mabomba ya mafuta ya Iraq, ambao kampuni ya KBR ilipewa bila ushindani na ungeweza kudumu hadi miaka mitano. Alitia saini kwa kuwa vita vilikuwa mlangoni, lakini kando ya saini yake akaandika kwa mkono kwamba kuuendeleza zaidi ya mwaka mmoja kungeonekana kama kuzuia ushindani. Aliendelea kulalamika, na mwaka 2005 akashushwa cheo. Ilipofika 2011 serikali ilikubali kumlipa dola 970,000 kumaliza shauri lake. Kila afisa ununuzi aliyeona yaliyompata alijifunza kitu, na kwa bahati mbaya wengi walijifunza kunyamaza. Ndiyo maana kifungu cha kumwadhibu anayelipiza kisasi kwa mtoa taarifa kiwe na uzito ule ule wa kifungu cha kumwadhibu mdanganyifu.

Gharama ya kutofanya hivyo imeshahesabiwa. Tume ya Mikataba ya Vita iliyoundwa na Bunge la Marekani ilikadiria mwaka 2011 kwamba kati ya dola bilioni 31 na bilioni 60 zilipotea kwa ubadhirifu na udanganyifu katika kandarasi za Iraq na Afghanistan. Sasa tazama foleni ya kazi zinazokuja. Tathmini ya Februari 2025 iliyoandaliwa na Benki ya Dunia, Umoja wa Mataifa, Umoja wa Ulaya na serikali ya Ukraine iliweka ujenzi wa Ukraine katika dola bilioni 524 kwa muda wa miaka kumi. Ya Gaza, mwezi huo huo, ilitaja dola bilioni 53. Fedha hizo zitatoka kwa wafadhili wengi, zitapitia mifuko ya pamoja, na zitalipwa na vyombo vya muda ambavyo havina uraia unaoeleweka. Ni Mamlaka ya Muda ya Baghdad nyingine, kwa majina mapya.

Ukraine yenyewe imeonyesha kwamba kukemea wakati vita vinaendelea kunawezekana. Januari 2023 waandishi wa habari walifichua kwamba Wizara ya Ulinzi ilikuwa imesaini mkataba wa kununua mayai ya wanajeshi kwa hrivnia 17 kila moja, wakati madukani yaliuzwa karibu 7. Wizara ilisema ni makosa ya uandishi, lakini naibu waziri alijiuzulu, na bunge likapitisha sheria ya kutangaza hadharani bei za bidhaa za jeshi zisizo silaha. Waliosema vita si wakati wa kuuliza bei walikosa jibu, kwa kuwa askari anayekula mayai hayo ndiye mwenye haki ya kwanza ya kuuliza.

Kwa hiyo wafadhili wanaojiandaa kufungua mikoba watakiwe mambo manne kabla dola ya kwanza haijatoka. Kila nchi inayotoa kandarasi itunge kosa la jinai la udanganyifu wa vita na ujenzi, lisilotegemea fedha ni za nani wala kosa limetendeka wapi. Kila ankara ibebe jina na saini ya mtu anayekubali kushtakiwa ikiwa ni ya uongo. Kinga ya wakandarasi dhidi ya mahakama za nchi wanamofanya kazi isihusu wizi hata kidogo. Na mkaguzi mwenye meno awepo tangu siku ya kwanza, wala asije wakati fedha zimeshaliwa.

Serikali zetu nazo zina la kufanya. Uganda, Kenya na nchi nyingine zinazotoa leseni kwa mawakala wa kupeleka walinzi na vibarua ng'ambo zidai nakala ya mkataba mkuu kabla kijana hajapanda ndege, zijue amelipiwa kiasi gani na ameahidiwa mafunzo gani, na zimfikishe mahakamani wakala atakayethibitika kughushi cheti chake. Kosa hilo linaanzia ofisini kwetu, mashahidi wake wako kwetu, na hakuna kinga ya kigeni inayotuzuia kulishtaki.